Runinga, redio ya Pwani, grupu la mtaa au TikTok: ukiwa Mombasa, habari za siasa uzichukue wapi?

Kijana wa dada yangu ametoa kitambulisho mwaka huu. Ijumaa alikuja kula pilau kwangu, akanawa mikono, akajinyoosha kwenye mkeka, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu anayelala na simu kifuani.

"Mjomba, hizi habari za siasa nizichukue wapi? Mimi kila nikifungua naona watu wanatukanana."

"Sikiliza redio," nikamjibu, vile tunavyojibu sisi wazee tukitaka kulala.

"Redio ipi? Na wewe mbona mchana kutwa uko kwenye simu?"

Hapo alinipata. Niko kwenye magrupu saba ya WhatsApp, na mawili kati ya hayo sijui ni nani aliyenitia. Usiku nikakaa kibarazani nikaanza kuvipima vyote ninavyovitumia, kimoja kwa kingine, maana uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na vumbi limeshaanza kutimka. Haya ndiyo niliyoyapata. Ni ya mtu wa Mombasa na kwa mtu wa Mombasa. Aliye Kericho au Wajir huenda akapima akapata mengine.

Mizani yangu ina maswali mawili tu. La kwanza: nikishazima chombo hiki, namwona vipi jirani yangu wa chama kingine, au wa dini nyingine, au yule ambaye babu yake alikuja kutoka bara kufanya kazi bandarini? La pili: kuna chochote ninachoweza kukifanya kesho kwa sababu ya nilichokisikia, kama kwenda kikao, kuandika barua, kumpigia mwakilishi wadi, kukagua fomu ya matokeo ya kura?

Shida ni kwamba maswali haya mawili yana tabia ya kuvutana. Mwaka 2018 watafiti huko Marekani waliwalipa watu wazime Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba. Waliozima walipoa, misimamo yao ya vyama ikapungua makali, lakini pia wakawa hawajui habari kama wenzao. Mwaka uliofuata jaribio la namna hiyo likafanywa Bosnia, katika siku za kumbukumbu ya mauaji ya Srebrenica, na huko matokeo yakageuka. Waliozima ndio waliowaona vibaya zaidi watu wa kabila jingine, hasa wale ambao maisha yao yote ni baina ya watu wa kabila lao. Ukikaa na wenzako tu, mtandao huenda ndio dirisha lako pekee la kumwona mwengine.

Sisi hapa dirisha hilo tunalo bila bando. Mimi nyumba ninayokaa, kamba moja ya nguo huanikwa kanzu, leso, sare ya askari wa ulinzi na jezi ya Gor Mahia. Wa kuonana nao tunao tele. Tunachokikosa ni kujua pesa za kaunti zimekwenda wapi, na kikao cha kuulizia ni lini. Nilipoliona hilo, kuchagua kukawa rahisi kidogo.

Runinga ya saa moja na redio ya hapa

Nazipima hizi mbili pamoja kwa sababu kwangu hushindana kila jioni.

Ukitaka kuiona Kenya nzima kwa nusu saa, taarifa ya habari ya saa moja haina mshindani. Mwandishi ametumwa, mhariri ameipitia, na wakikosea pana mahali pa kushtaki, kwani Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lina tume yake ya malalamishi. Jaribu kumshtaki aliyekutumia uongo kwenye WhatsApp uone utampeleka wapi.

Lakini itazame wiki nzima, uandike kwenye karatasi ni nani anayezungumza. Jumamosi mwanasiasa kasema jambo matangani. Jumapili mwenzake kamjibu kanisani. Jumatatu wa tatu kawajibu wote wawili kwenye mkutano na wanahabari, na Jumanne wachambuzi wanaletwa studioni kueleza ni nani aliyemshinda mwenzake kwa maneno. Ni mechi. Na mtazamaji wa mechi kazi yake ni kushangilia upande wake na kuzomea wa pili. Hana mpira.

Mfano wa karibu ni SGR, reli mpya ya Mombasa kwenda Nairobi. Mizigo ilianza kusafirishwa kwa reli hiyo Januari 2018, kisha amri za kupeleka makontena bara moja kwa moja zikaanza kuuma huku Changamwe na Miritini. Si madereva wa malori peke yao. Fundi wa tairi, mwenye kibanda cha chai, karani wa yadi ya makontena, kijana wa kufunga turubai, wote walihisi. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Ninavyokumbuka mimi, kwenye runinga tulipata moshi wa vitoa machozi kwa sekunde chache, halafu dakika nzima ya kuelezwa ni kiongozi gani wa Pwani yuko na Rais na yupi hayuko naye. Baadaye, tarehe 13 Septemba 2022, Rais Ruto alipoapishwa akatangaza kwamba shughuli za kukagua na kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Hilo nalo likaletwa kama bao la upande mmoja. Swali la yule kijana wa turubai, kazi itarudi lini na ngapi, lilikuwa limeshaanguka njiani mahali fulani karibu na Mtito Andei.

Sasa njoo kwenye redio. Hapa tunazo kadhaa, Pwani FM ya KBC, Radio Rahma, Baraka FM, Radio Kaya na nyinginezo. Muziki wao sitauhukumu. Ninachokitaka ni kile kipindi cha asubuhi ambacho simu hufunguliwa.

Siku moja nilikuwa kwa muuza kahawa wetu. Redio yake imetundikwa msumarini, antena imevunjika akaunganisha waya wa hanga. Studioni alikuwepo afisa mmoja aliyekuja kueleza habari za maji, na kwa robo saa nzima alikuwa akieleza mipango, mikakati, washirika wa maendeleo. Kisha simu ikapigwa na mama mmoja kutoka upande wa Kisauni.

"Mwanangu, mimi siasa sina. Naulizia mfereji wangu. Mwezi wa tatu huu unatoa upepo, na bili inakuja."

"Mama, hilo tunalishughulikia."

Mtangazaji akaingia kati. "Lini?"

Kimya. Kwenye runinga kimya hufunikwa na picha. Redioni kimya husikika. Pale kibarazani hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Mzee mmoja akapiga paja lake, "Hapo sasa!" Na aliyekuwa akicheka pembeni yake ni mtu wa chama ambacho mzee huyo huwa hataki hata kukisikia kikitajwa. Mfereji mkavu hauna chama.

Jambo jingine ni lugha. Redio hizi nyingi huzungumza Kiswahili, na Mombasa Kiswahili anakisikia kila mtu, pamoja na yule unayemsema. Hii ni breki kubwa kuliko sheria yoyote. Huwezi kuwatukana wabara hewani asubuhi halafu adhuhuri ukatumwa sokoni Kongowea ukanunue viazi. Tulivyoambiwa baada ya ghasia za 2007 na 2008, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakahamishwa makwao, baadhi ya vituo vya lugha za makabila vililaumiwa kwa kuwasha moto kwa mafumbo ambayo jirani asingeyaelewa. Mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Kesi hiyo ilisitishwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi, hakupatikana na hatia, na si haki kumfanya mfano wa hatia. Ila kila mwenye redio nchini alijifunza kuogopa maikrofoni.

Redio nayo ina ila zake. Kituo kidogo hula kwa matangazo, na mwenye tangazo kubwa mara nyingi ni serikali au mwanasiasa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi hupima hivi: mgeni akija studioni na simu zisifunguliwe, najua kipindi kimelipiwa, nazima nikaoge.

Kuna jaribio moja la Marekani ambalo hulifikiria sana nikisikiliza redio. Julai 2019 gazeti la The Desert Sun la mji wa Palm Springs, California, liliondoa siasa za kitaifa kwenye ukurasa wake wa maoni kwa mwezi mzima, likabakisha mambo ya huko huko kwao. Watafiti walilinganisha na mji mwingine ambao gazeti lake halikubadilisha kitu. Mgawanyiko wa vyama haukutoweka Palm Springs, lakini ulikua polepole zaidi. Hapakuhubiriwa amani wala umoja. Palijadiliwa barabara.

Kwa mizani yangu basi: kwa swali la kwanza, redio ya hapa inaizidi runinga. Kwa la pili, inaiacha mbali. Na runinga ina udhaifu mmoja ambao wengi huusahau mpaka siku ya kishindo, nao ni kwamba huzimwa. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, vituo vikubwa vilizimwa vikakaa gizani siku kadhaa ingawa Mahakama Kuu iliamuru virudishwe. Tarehe 25 Juni 2025 tena, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru redio na runinga ziache kutangaza maandamano moja kwa moja, na NTV, KTN na K24 zikatolewa hewani hadi mahakama ilipoingilia. Siku kama hizo ndizo watu hukimbilia simu zao, na ndizo uongo hupata soko.

Grupu la mtaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sote tulipo, na nina kidonda.

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022. Tulishapiga kura, isipokuwa ya gavana, maana Mombasa na Kakamega ziliahirishiwa kura hiyo baada ya karatasi kuchanganyika. Sisi tuliipiga tarehe 29. Kwa hivyo shaka ilikuwepo tayari, hata mtu mtulivu alikuwa anajikuna. Saa tano kasoro usiku ikaingia voisi kwenye grupu letu. Mwanamke anahema kama aliyekimbia: "Jamani, masanduku yanatolewa kwa mlango wa nyuma hapo shuleni, gari halina namba, tokeni, tokeni!"

Hakusema jina lake. Hakusema shule ipi. Lakini "hapo shuleni" kila mtu alijaza mwenyewe shule iliyo karibu naye. Hiyo ndiyo nguvu ya voisi. Maandishi unaweza kuyatilia shaka, lakini mtu anayehema umemwamini kabla hujafikiri. Ndani ya dakika kumi grupu ambalo kwa kawaida hutangaza samaki na mitungi ya gesi lilikuwa limegawanyika. Mmoja akaandika, "Tunajua ni kina nani." Mwengine, jirani yangu wa miaka kumi na minne ambaye mkewe humpa mke wangu chumvi, akajibu, "Unamaanisha sisi?" Kisha akatoka kwenye grupu.

Tulikwenda watu sita. Mimi na kandambili, mwengine na msuli. Shuleni tukakuta askari wawili, karani wa kituo amekalia kiti cha mwanafunzi anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa, na masanduku yamepangwa ukutani yanangoja gari lililochelewa. Mlangoni imebandikwa fomu 34A, matokeo ya urais ya kituo hicho, sahihi za mawakala chini yake. Nikaipiga picha kwa tochi ya simu. Kesho yake nikaingia kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, ambako safari ile fomu za vituo vyote, zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi kwa umma, nikaitafuta ya kituo chetu. Ilikuwa ile ile, hata doa la wino pembeni.

Niliituma kwenye grupu. Watu watatu wakaweka kidole gumba. Ile voisi ilikuwa imeshafika kwa shemeji yangu Malindi. Na jirani yangu hakurudi kwenye grupu. Mke wake bado hutoa chumvi, lakini yeye tangu siku ile hunisalimia kwa mkono wa mbali.

Basi tuliambiwa na wazee kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii naiheshimu, ila katika zama za kusambaza kwa kidole imetutia hasara. WhatsApp wenyewe waliliona tatizo. Januari 2019 walipunguza kusambaza ujumbe hadi mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawa unapita kwa mazungumzo moja moja tu. Ndio ule wenye mishale miwili juu yake. Nimewafundisha wanangu kwamba mishale miwili maana yake ni kuwa aliyekutumia si shahidi. Huenda hata hakuusikiliza mpaka mwisho.

Na hata hivyo sitoki. Kwa swali langu la pili, grupu ni hodari kuliko chombo chochote. Mtoto akipotea hupatikana kwa grupu. Transfoma ikilipuka, fundi huja kwa sababu watu arobaini wamepiga namba moja. Mwaka jana tuliandika barua ya pamoja kuhusu mtaro unaofurikia msikitini, ikatiwa sahihi za Waislamu na Wakristo kwa siku mbili, na yote yalipangwa mle mle ndani ya grupu. Jambo kuu ni ukubwa na sheria. Grupu la mtaa ambalo mnajuana kwa sura hujirekebisha, kwani anayesema uongo atakutana na wewe dukani. Grupu la watu elfu moja lenye picha ya mgombea juu yake halina habari. Lina wapambe. Hilo toka leo, na usiage.

TikTok, X na Facebook

Mpwa wangu alidhani hapa nitatukana. Sitatukana, kwa sababu ya Juni 2024.

Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa kitabu cha kisheria kwa Kiingereza kigumu. Gazetini uliandikwa, runingani ulijadiliwa, na sisi wakubwa tukapiga miayo. Vijana ndio waliouchambua kwa video za dakika moja: mkate utatozwa kodi ya VAT ya asilimia 16, gari litatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Wakaueleza kwa lugha za nyumbani. Wakajaa kwenye mijadala ya sauti ya X usiku kucha. Mombasa nao waliandamana. Walisema hawana kabila, hawana chama, na kwa wiki zile ilionekana kweli. Tarehe 25 Juni Bunge likavamiwa, watu wakauawa, intaneti ikawa nzito, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi mswada. Hakuna taarifa ya saa moja iliyowahi kufanya hivyo.

Kwa hivyo kwa kuamsha watu, hivi ndivyo vya kwanza. Lakini tazama kilichobaki mwezi wa Agosti. Mashine ya TikTok haijui kwamba mswada umeondolewa. Inajua tu kwamba ulikaa kwenye video ya hasira muda mrefu, basi inakuletea hasira nyingine. Ya leo ni mbunge, ya kesho ni kabila, ya keshokutwa ni sheikh na mchungaji. Mwaka 2018 watafiti wa MIT walichapisha uchunguzi wa habari takriban 126,000 zilizosambazwa Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, wakakuta habari ya uongo ina uwezekano zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa kuliko ya kweli, hasa za siasa. Na lawama hawakuipa mitambo. Ni sisi, watu, tunaopenda jambo jipya.

Kingine ninachokiona mimi, tofauti na grupu la mtaa, ni kwamba anayekutukana kwenye maoni ya TikTok hutakutana naye dukani. Hana uso wala mama anayekujua. Hiyo breki niliyoisema ya Kiswahili hapa haishiki, maana yuko Kayole au Doha, na kesho ana jina jingine.

Tumia kujua kwamba kuna jambo. Usitumie kuamua jambo lenyewe.

Gazeti, na baraza

Gazeti nitalisema kwa ufupi, nalo linanisikitisha, kwa kuwa Mombasa ndiyo iliyoizaa The Standard. Alibhai Mulla Jeevanjee aliianzisha hapa mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1910. Leo gazeti linasomwa kwa kuazima. Lakini usilidharau kwa sababu moja: matangazo rasmi. Ilani za vikao vya maoni ya umma, zabuni, mipango ya ardhi, huwekwa gazetini kwa herufi ndogo. Taifa Leo nalo lina Kiswahili kinachoeleweka bila kamusi. Mimi husoma kinyume, kutoka nyuma kuja mbele, na ukurasa wa kwanza wenye wanasiasa nauachia mwenye gazeti.

Baraza, pale nje ya nyumba wazee wanapokaa kupiga gumzo, halina bando wala leseni, na ni chombo cha habari cha kale kuliko vyote mjini. Lina ubaya wake: wanawake hawakai pale, na vijana wakikaa huambiwa wanyamaze. Kama wewe ni mwanamke, linganisha grupu na redio, baraza liache na wazee wake.

Basi wewe uchukue kipi?

Inategemea wewe ni nani.

Ukiwa dereva wa tuktuk au muuzaji wa Marikiti, na simu yako ni mulika mwizi, huna haja ya kujiona umeachwa nyuma. Ile simu ina redio ndani yake na haili bando. Kipindi cha asubuhi chenye simu kinakutosha, na shilingi ya kupiga wewe mwenyewe mara moja kwa mwezi. Anayepiga ndiye anayesikilizwa.

Ukiwa kijana wa miaka kumi na minane, huwezi kuambiwa utoke TikTok, na anayekuambia hivyo anapoteza sauti yake. Lakini usiingie mtandaoni kabla ya kusikia redio ya hapa. Utashangaa mwanasiasa aliyekuwa simba kwenye video alivyo paka akiulizwa mfereji.

Ukiwa admini wa grupu la mtaa, wewe ni mhariri, utake usitake. Sheria mbili zinatosha: hakuna voisi ya mtu asiyejitaja jina na mahali, na hakuna kitu cha mishale miwili usiku wa uchaguzi. Utaitwa dikteta. Zoea.

Ukiwa unafanya kazi usiku, au unalea, na una nusu saa tu kwa siku, runinga ya saa moja itakupa nchi, ila Jumamosi pata dakika kumi za gazeti la kuazima utafute ilani. Katiba, ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, na makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Mombasa ina wadi 30. Vikao hivyo nimehudhuria mara mbili, na mara zote mbili viti vya plastiki vilivyobaki wazi vilikuwa vingi kuliko vilivyokaliwa, wakati nje barabarani vijana walikuwa wanabishana juu ya wanasiasa wawili wa Nairobi ambao hawajawahi kukanyaga mtaa wetu.

Na ukiwa na fedha ya kulipia kimoja tu kati ya vyote hivi, lipia betri za redio.

Mpwa wangu alisikiliza haya yote Ijumaa iliyofuata, akakuna kichwa, akasema nimeongea kama mhadhara. Kisha akanionyesha simu yake. Alikuwa amepiga picha karatasi iliyobandikwa nje ya afisi ya wadi, kona moja imeng'oka kwa upepo: kikao cha maoni ya bajeti, Jumatano, saa nne asubuhi. Alikuwa ameipita siku mbili bila kuisoma.

"Watanisikiliza mimi?"

"Nenda na swali moja. Liandike."

Akaandika kwa kidole gumba, ulimi umemtoka pembeni kama alipokuwa darasa la pili, akanipa nisome: Taa za mtaa zilizotengewa pesa mwaka jana ziko wapi?

Nikamwambia aongeze jina la barabara.